Kiwandani, mwaloni, kwa fundi au nyumbani: kazi ipi itamfaa kijana mwenye usonji hapa Mwanza

Mdogo wangu ana miaka 26 na ana usonji (kwa Kiingereza autism), yaani hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya awasiliane na kupokea mambo kwa namna tofauti na wengi. Tangu amalize kidato cha nne nimemsindikiza kwenda kuanza kazi mara tano: kiwanda cha minofu ya samaki, mwaloni (ufukweni wanakoshushwa samaki), duka la steshenari, na karakana mbili za useremala huku Igoma tunakoishi. Nne zilimshinda, au tuseme zilitushinda sote. Ya tano yuko nayo mpaka leo, mwaka wa tatu.

Naandika kwa ajili ya kaka, dada, mama au baba mwenye kijana kama huyo ndani: ameshamaliza shule, anaamka saa kumi na mbili kamili, anaoga, anavaa, kisha hana pa kwenda. Naandika pia kwa vijana wenyewe, maana wenye usonji wanaosoma na kuelewa kutuzidi sisi tunaowasindikiza wapo wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Mkoa wetu ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 3.6 kwenye sensa ya 2022. Piga hesabu uone ni nyumba ngapi, kutoka Ukerewe hadi Kwimba, zinaliwaza jambo hili usiku.

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kwenye swali. Tulikuwa tunauliza, "Anaweza kazi gani?" Kumbe zote tano alikuwa anaziweza. Kiwandani alipanga kreti bila kukosea hata moja. Mwaloni alihesabu ndoo haraka kuliko karani. Kilichotofautiana ni nani alimtuma, kwa maneno gani, na ilikuwaje siku mambo yalipovurugika. Ndiyo maana hapa chini sianzi na mshahara. Nitaufikia.

Ninachokipima kwanza

Naanza na masikio, pua na ngozi. Watu wengi wenye usonji hupokea sauti, harufu, mwanga au kuguswa kwa ukali kuliko wengine, na wapo wanaopokea kwa uhafifu mpaka wasihisi baridi wala maumivu kama sisi. Mdogo wangu anavumilia kelele za randa ya umeme akiwa na vizibo vya masikio, lakini mtoto akilia karibu yake hawezi kuendelea na chochote. Binti wa jirani yetu ni kinyume chake. Kelele hazimsumbui, ila nguo ya nailoni haivai hata dakika moja. Kwa hiyo usichukue maelezo yangu ukamvisha mtoto wako kama yalivyo.

Halafu nahesabu wanaomtuma. Mtu mmoja akituma, hiyo ni kazi moja. Watu watano wakituma, ni kazi tano kwa wakati mmoja, na kila mmoja ana namna yake ya kusema. "Fanya fanya hapo", "malizia malizia", "weka vizuri kidogo": kwa mdogo wangu maneno hayo ni matupu. Mwambie "piga msasa mbao hizi sita, pande zote mbili", atazipiga zote sita, na ya saba hataigusa.

Naangalia pia siku ikivurugika inakuwaje: umeme umekatika, mvua imenyesha, bosi yuko msibani. Na mwisho naangalia njia, kwa sababu kazi inaanzia pale unapofungua mlango wa nyumbani. Daladala ya asubuhi kutoka Igoma kwenda mjini, konda anaita, watu wamesimama wamebanana, redio iko juu, inaweza kummaliza mtu nguvu zote kabla hajafika getini. Kazi ya kutembea dakika ishirini kwa miguu, hata ikilipa pungufu, mimi naiweka juu.

Kiwanda cha minofu na mwalo wa dagaa

Hizi mbili ndizo mtu wa Mwanza anazitaja kwanza. Ziwa lipo, samaki wapo, kijana ana nguvu, anangoja nini?

Ndani ya kiwanda cha minofu ya sangara siku imepangika kuliko sehemu yoyote ya kazi ya samaki niliyoiona. Unaingia, unanawa, unavaa mabuti meupe, koti, kofia na barakoa. Kila mtu ana nafasi yake kwenye laini, na kazi ya jana ndiyo ya leo. Kanuni za usafi zimebandikwa ukutani na zinamhusu bosi kama zinavyomhusu kibarua. Kwa mtu anayeumizwa na kanuni zinazobadilikabadilika, hapo panatuliza. Upande wa pili kuna baridi, sakafu yenye maji, harufu ya klorini, mashine zinazonguruma na kusimama saa nyingi.

Baridi mdogo wangu aliifurahia. Kilichomtoa kilikuwa nje ya ukuta. Alikuwa kibarua wa siku, na vibarua walichaguliwa getini kila asubuhi. Samaki wakiwa wengi wanaingizwa wengi, wakipungua wengine wanarudishwa. Alisimama pale, hakuitwa, hakuelewa kwa nini jana ndiyo na leo hapana, akabaki amesimama hadi saa sita mchana. Siku ya tatu ya namna hiyo alikataa kuvaa viatu.

Kama unaweza kumpatia kijana mkataba wenye siku zinazojulikana, hata wa miezi mitatu, kiwanda kinapanda juu sana. Akiwa wa kuchaguliwa getini, nakiweka chini ya mwalo.

Mwalo wenyewe unatisha ukiutazama kwa haraka. Soko la Mwaloni pale Kirumba asubuhi ni wapagazi wanaoomba njia kwa sauti, mikokoteni, magunia ya dagaa yanayopita juu ya vichwa, wanunuzi wa mpaka Kongo wakivutana bei. Mdogo wangu alidumu siku mbili. Lakini soko ni sehemu moja tu ya kazi ya dagaa. Nenda mialo ya Igombe au Kayenze ukawaone wanaoanika. Anga ni wazi, kila mtu ana eneo lake, na kazi ni ileile ya kumwaga, kutandaza, kugeuza, kukusanya. Yule binti wa jirani yetu yuko huko na mama yake mdogo.

Na mwalo una kitu ambacho sikukitegemea, nacho ni kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, wavuvi wanapumzika. Binti huyu ana kalenda ya ukutani, zile zinazogawiwa madukani mwisho wa mwaka. Amepaka kalamu nyeusi siku zote za giza na kuziacha nyeupe siku za mbalamwezi, kuanzia Januari mpaka Desemba, akihesabu siku 29 na 30 kwa kupokezana. Nilimuuliza mwezi wa tisa atapumzika lini. Aliweka kidole kwenye tarehe kabla sijamaliza kuuliza. Mama yake mdogo anasema hata mwenye mtumbwi siku hizi anamtuma mtu kuja kumuuliza.

Kinachouvuruga mwalo ni mvua. Dagaa wakinyeshewa wanaharibika, basi watu wanakimbia, wanapiga kelele, kila mmoja anatuma. Miezi ya mvua binti huyo habaki mwaloni mchana kutwa. Anaitwa nyumbani wingu likianza kujifunga, na walikubaliana hivyo tangu siku ya kwanza. Kuanika kwenye vichanja kunamsaidia kuliko kuanika chini, kwa sababu kila mtu anajua kichanja chake na turubai lake. Kwa binti, mimi nisingekubali awe mwaloni bila ndugu wa karibu. Kuna watu wanaomtazama msichana asiyejua kukataa kwa maneno kama fursa, na hilo lazima lisemwe wazi kabla ya kuzungumzia posho.

Kwa fundi au VETA

Chuo cha VETA kipo Nyakato, na fundi yupo mtaani kwako. Vyote viwili vinafundisha ufundi, lakini siku zake hazifanani kabisa.

Chuoni kuna ratiba, kengele, mwalimu aliyesomea kufundisha, na cheti kinachotambulika nchi nzima. Kuna pia darasa lenye watu wengi, bweni lenye watu wengi zaidi, na mtihani wa nadharia wa kuandika. Kijana anayesoma bila shida, anayependa kengele, na anayeweza kulala kwao, chuo kinamfaa. Kwa walio ng'ambo ya ghuba kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama cha Sengerema. Popote utakapochagua, mpeleke akapaone siku ya kawaida ya masomo. Siku ya kuchukua fomu chuo kimetulia, huwezi kujua karakana ya uchomeleaji inalia vipi.

Kwa fundi hakuna kengele wala cheti. Ila kazi inaonekana kwa macho: mbao ilikuwa hivi, sasa iko hivi, mwisho itakuwa kitanda. Temple Grandin, mwanasayansi wa Marekani mwenye usonji aliyejulikana kwa kubuni mazizi na mapito ya ng'ombe, ameeleza mara nyingi kwamba yeye huwaza kwa picha. (Wafugaji wa Kisukuma wangekaa naye siku nzima wakizungumza, nina hakika.) Si kila mwenye usonji yuko hivyo, lakini mdogo wangu yuko hivyo. Maneno matano yanampotea njiani. Mchoro mmoja anakaa nao siku nzima.

Basi nikadhani fundi yeyote atafaa. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi, kwa sababu karakana zote mbili ziko Igoma, zote za vitanda na makabati, mbao zilezile, msasa uleule.

Fundi wa kwanza alikuwa mcheshi na alimpenda kwa dhati. Lakini maelekezo yake yalitoka mdomoni huku anatembea, na yalibadilika kabla hujafika. "Dogo, lete ile." Ipi? Vijana wengine wanacheka. Alitumwa maji, chapati, vocha. Miezi mitatu hakulipwa kwa kuwa "bado anajifunza". Siku moja fundi akapata msiba, akaondoka alfajiri. Mdogo wangu alikuta kufuli. Kwa kuwa saa ya kutoka kazini ilikuwa saa kumi na moja, alikaa pale mlangoni mpaka saa kumi na moja, mvua ikimnyeshea. Msiba hauna ratiba, najua. Lakini namba yangu ya simu fundi alikuwa nayo.

Fundi wa pili uso wake ni wa mbao. Hacheki, na kwa siku nzima anaweza kusema maneno ishirini. Nilipompeleka mdogo wangu aliuliza swali moja tu.

"Dada, akikasirika anafanyaje?"

"Anaziba masikio, anatembea huku na huku. Ukimwacha dakika kumi anarudi mwenyewe. Ukimshika ndiyo anapiga kelele."

Akageuka, akaitazama karakana yake yote taratibu, akanyoosha kidole nyuma ya lundo la mbao. "Atembee pale. Hapana misumari."

Kisha akachukua kipande cha plaiwudi, akachora kwa penseli yake picha tano, moja chini ya nyingine. Ya kwanza ufagio. Ya pili mbao, na namba 6 pembeni. Ya tatu sahani. Ya nne makopo. Ya tano mlango, na saa yenye mishale. Nilidhani kuna mtu amemfundisha. Akasema hapana, yeye mwenyewe kusoma kunampa shida, kwa hiyo kazi za wateja huwa anajichorea.

Hiyo plaiwudi inatundikwa kila asubuhi mpaka leo. Kazi moja ikiisha, mdogo wangu anaifuta picha yake kwa msasa. Picha ya makopo ndiyo anayoipenda: makopo ya Kimbo yaliyopangwa kwenye rafu, misumari ya inchi mbili, ya inchi tatu, ya inchi nne, skrubu fupi, skrubu ndefu, bawaba. Zamani vyote vilikuwa kwenye ndoo moja na mafundi walikuwa wanapekua. Sasa mtu akichukua msumari wa inchi tatu akaurudisha kwenye kopo la inchi nne, anarudishwa na mdogo wangu, kimya kimya, mbele ya mteja.

Na huyu fundi naye alipata msiba, kule Magu. Alipiga simu usiku uliotangulia. "Dada, mwambie kesho hakuna. Keshokutwa ipo." Asubuhi mdogo wangu alivaa nguo za nyumbani, akanywa chai.

Kwa hiyo ukiniuliza fundi au VETA, nitakuambia kwanza nenda kakae kwenye benchi la fundi saa nzima, usiseme shida yako, sikiliza anavyowatuma wale alionao. Akiwa wa "lete ile", shukuru uondoke. Akiwa anaonyesha kwa mkono, anasubiri, anarudia kwa maneno yaleyale, huyo ni wa kuzungumza naye. Cheti kisikutishe. VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, hivyo anayeanza kwa fundi hajafungiwa mlango wa cheti.

Steshenari, mafaili na kompyuta

Watu wakisikia usonji wanasema, "Huyo mpeleke kwenye kompyuta." Wazo hilo lina asili yake. Mwaka 2004 huko Denmark, Thorkil Sonne, baba wa mtoto mwenye usonji, alianzisha kampuni ya Specialisterne inayowaajiri watu wenye usonji kupima programu za kompyuta, na makampuni makubwa ya nchi za nje yakafuata njia hiyo. Ni jambo zuri. Lakini wapo wasiopenda kompyuta kabisa, na hapa kwetu "kazi ya kompyuta" mara nyingi maana yake ni steshenari.

Steshenari ni kazi mbili ndani ya chumba kimoja. Ya mashine, yaani kutoa kopi, kuchapa, kubana vitabu, mdogo wangu aliimudu kwa siku mbili. Ya dirishani ilimshinda. Wiki ya mitihani wanafunzi kumi na tano wamesimama, flashi kumi na tano mezani, kila mmoja "kaka, yangu haraka". Ingekuwa inawezekana kumweka nyuma na mtu mwingine dirishani, labda angekuwepo mpaka leo. Duka lilikuwa na kiti kimoja.

Kazi hiyohiyo ikihamia ofisi ya nyuma inakuwa kitu kingine: masijala, ghala la dawa, maktaba, ofisi ya shule, mahali penye mafaili na namba. Shida ni kwamba nafasi hizo hazitangazwi kwa mtu kama wetu. Mwaka 1996 hospitali ya watoto ya Cincinnati huko Marekani ilianzisha mpango unaoitwa Project SEARCH, na chanzo chake kilikuwa kitu kidogo sana: rafu za vifaa kwenye kitengo cha dharura zilikuwa zinahitaji mtu wa kuzijaza kwa uangalifu, siku zote, bila kuchoka. Wakawafundisha kazi hiyo vijana wenye ulemavu, humohumo hospitalini. Hilo ndilo ninalopenda tuliige tunapobisha hodi. Usiulize, "Mna nafasi ya kazi?" Uliza, "Kuna kazi gani hapa inayorundikana, ambayo kila mtu anaikwepa?" Mafaili ya miaka mitatu yasiyopangwa. Vitabu vya shule visivyogongwa mihuri. Ghala ambalo halijahesabiwa. Hapo ndipo pana nafasi, hata kama haina jina.

Mradi wa nyumbani

Kuku, mchicha, sabuni ya maji, barafu. Faida yake inaonekana: hakuna daladala, hakuna bosi mgeni, sauti unazipanga mwenyewe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, watu wenye ulemavu asilimia 2, na baada ya kusimama mwaka 2023 ilirejea 2024. Maelezo yako kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Mimi naiweka hii mwisho, na najua wapo watakaonipinga. Nimeona miradi mitatu ya vijana wenye usonji ikigeuka kuwa miradi ya mama zao. Mama ndiye anayelisha kuku alfajiri, kijana amerudi chumbani. Kwa yule ambaye nje kunamuumiza kweli, nyumbani ni sahihi na hakuna aibu. Kwa wengine, angalau pawe na safari moja ya kila siku iliyo yake peke yake: mayai kwa mwenye duka yuleyule, saa ileile, njia ileile.

Usaili au majaribio

Kwetu usaili wa kazi ndogo ni salamu. Mwenye kazi hamuulizi kijana anajua nini. Anatazama anavyosema shikamoo, anavyoinama, kama anauliza habari za nyumbani. Wazee wetu wa Kisukuma ukishasema mwangaluka ndiyo kwanza mazungumzo yameanza. Mdogo wangu husema shikamoo mara moja kwa mtu kwa siku, akiwa anatazama ukuta, kisha amemaliza. Mama mmoja mwenye duka alimkataa kabla hajakaa. "Huyu kijana hana salamu." Nilirudi nyumbani nikalia.

Tangu siku hiyo siombi usaili, naomba majaribio. Siku tatu, asubuhi tu, kazi moja, mtu mmoja wa kumwelekeza, na malipo ya siku tatu yajulikane kabla. Siku moja kabla tunakwenda wote wawili kupaona pakiwa patupu: choo kiko wapi, begi linawekwa wapi, ukichoka unakaa wapi. Ukilinganisha, usaili unapima kile hasa kinachomshinda mwenye usonji, na hauigusi kazi yenyewe. Mwenye kazi naye anapata uhakika zaidi akiona mbao zilizopigwa msasa kuliko akisikia maneno yangu.

Je, useme kwamba ana usonji, au ukae kimya? Kama kijana anazungumza na kujisimamia, uamuzi ni wake, muulize na umfuate. Akisema ndiyo, mimi namwambia mtu mmoja tu mwenye mamlaka, na simpi jina la hali peke yake, kwa sababu neno usonji wengi hawalijui na wengine watalijaza na mambo ya kurogwa. Nasema: "Akiambiwa jambo moja moja analimaliza. Haangalii usoni, lakini anasikia. Asishikwe ghafla."

Kwa waajiri wakubwa kuna sheria ya kushika mkononi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kiwanda chenye watu 200 kinadaiwa 6. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu. Wanaoajiri wakisikia ulemavu wanawaza kiti mwendo, kwa hiyo uwe na barua ya daktari inayosema usonji kwa maandishi. Sheria itakufungulia geti. Ndani ya geti utamhitaji tena yule mtu mmoja anayejua kuonyesha kwa mkono.

Fedha, na jibu la kijana mwenyewe

Kiwandani, siku aliyoitwa, alipata zaidi ya anachopata kwa fundi. Lakini ukijumlisha mwezi na kutoa nauli na siku alizorudishwa, fundi anashinda. Linganisha mwezi kwa mwezi, usilinganishe siku kwa siku. Sisi tulichagua malipo ya kila Jumamosi, kiasi kilekile, na yameandikwa kwenye daftari ambalo fundi anaweka saini na mdogo wangu anaweka tarehe. Daftari hilo linakaa kwenye begi lake, mimi sina nakala. Aliwahi kupewa pungufu ya elfu mbili kwa bahati mbaya. Alilifungua daftari, akalishika wazi mbele ya fundi mpaka fundi akaelewa.

Siku tatu za majaribio zikiisha, usimuulize, "Umeipenda?" Wengi hilo swali linawachanganya, na wengine watajibu ndiyo kwa kuwa wamezoea kwamba ndiyo ndiyo jibu linalokufurahisha. Tazama anachofanya jioni. Wakati wa steshenari, shati lake la kazi lilibaki kwenye msumari mlangoni, na asubuhi nililazimika kulitoa mimi. Jioni ya pili ya karakana ya sasa nilimkuta amekaa kitandani, ameshakunja ovaroli miguuni, juu yake vizibo vya masikio, juu ya vizibo kipande cha msasa kilichochakaa alichorudi nacho.

Nikamwambia, "Kesho nakusindikiza?"

Akasema, "Najua njia."